Mtungi wa Gesi Madhabahuni

Mama yangu hajui kufurahi kimyakimya. Siku mdogo wangu wa kiume alipomtumia mtungi wa gesi na jiko lake, kijiji chetu kizima cha Lupaso kilipata habari kabla ya adhuhuri. Kwake hiyo ilikuwa gesi ya bahari yetu ya kusini, na aliyeitoa huko ni mwanawe, fundi mabomba. Hakuiwasha. Aliendelea kupuliza kuni huku macho yakimtoka machozi, mtungi umekaa sebuleni umefunikwa kanga.

Mdogo wangu ndiye aliyemtia imani hiyo. Alimwambia kwa simu kwamba ameajiriwa kwenye mradi wa gesi. Mradi wenyewe ulikuwa haujaanza. Gesi iko mbali, chini ya maji ya kina kirefu, kuitoa ni gharama kubwa, na serikali na wawekezaji walikuwa bado wanavutana juu ya mkataba. Yeye alikuwa Mtwara, anasambaza mitungi kwa pikipiki. Alinieleza mimi dada yake, na sikuwa na moyo wa kumgombeza. Kijana anayeulizwa kila siku kama kazi imepatikana, mwisho huchoka kujibu.

Msimu wa korosho alirudi nyumbani, na Jumapili ya mavuno ikafika. Kwetu Waanglikana wa huku, malimbuko ya kazi hupelekwa kanisani kabla mwenyewe hajayaonja. Watu walibeba mihogo, korosho, majogoo yenye hasira. Mama akatoka na mtungi kichwani, juu ya kata, shingo imenyooka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kuuwasha.

Mdogo wangu alimkimbilia, akamkuta mlangoni mwa kanisa.

“Mama, usimpe Mungu hii. Nilikudanganya. Sijaajiriwa, mradi haujaanza.”

“Na hii ni ya wapi?”

“Imeletwa na meli kutoka nje. Mimi naipeleka tu majumbani kwa watu.”

Mama alisimama na mzigo wake. Kinamama walipita wakimwamkia. Niliogopa atalia.

“Ile ya kwetu wanangoja nini?” akauliza hatimaye.

“Wanajadiliana, Mama. Wakikosea mkataba, nchi itaumia miaka mingi.”

“Basi wasifanye pupa, haraka haraka haina baraka. Wao wana haki ya kungoja.” Akamtazama. “Hiyo mitungi unaibeba mwenyewe?”

“Mwenyewe, Mama.”

“Jua kali, mvua?”

“Kila siku.”

Mama akaushusha mtungi, akamwekea begani.

“Basi malimbuko ni haya haya. Peleka wewe.”

Mdogo wangu akatangulia kwenda mbele, kati ya watu wote waliokwisha kusikia habari za bahari, na mimi nyuma yake nililia bila haya.