Kifua Kilichokuwa Ushahidi

Nilikatwa kilimi nikiwa mtoto, hapahapa Buyenzi, uani kwa mama. Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Mtoto akikohoa sana, kifua kikapiga filimbi, wazee wetu walisema kilimi kimerefuka, kikatwe. Kaka yangu mkubwa alinibana katikati ya magoti yake, akanipanua taya kwa mpini wa mwiko. Nikamng'ata. Akanipiga ngumi ya shavu, akanibana tena. Kisu kikapita. Nilitema damu kwenye beseni, na mama akanisifu kwamba sikulia. Ningeliaje, koo limejaa damu?

Nilipoanza kuota ndevu, pumu ilikuwa imeniacha. Shule nilishaiacha zamani. Nikashika nyundo ya kunyoosha mabati ya magari, na leo garaji ile yenye geti la kijani ni yangu, sikupewa na mtu. Nikikaa na watu, harusini au msibani, najipiga kifua: "Mnakiona hiki? Kilikuwa cha mgonjwa. Walinikata kilimi, kikawa chuma." Mama alikuwa akinionyesha kwa majirani kama mtu anavyoonyesha diploma.

Halafu binti yangu wa mwisho akaanza kupiga filimbi.

Nikampeleka kwa daktari wa watoto, mama mmoja wa sauti ya chini. Nilikuwa na swali moja tu: hii itamwacha, au atazeeka nayo? Mi nikisikiliza gari linavyokohoa nakwambia litafika wapi. Nilitaka na yeye aniambie hivyo.

Akauliza yake kwanza. Inamshika hata bila mafua? Ndiyo. Ngozi inamwasha kwenye viwiko? Tangu mdogo. Kwenu nani aliwahi kuwa nayo? Nikasema mi, lakini nilipona, nilikatwa kilimi.

"Kilimi hakikuhusika, papa," alisema. "Watoto wengi inawaacha wakikua. Wewe ingekuacha hata bila kisu. Wengine inalala tu, halafu inaamka. Huyu ana dalili zinazonifanya nidhani itakaa naye. Kuapa siwezi. Atumie pompi ya kuvuta dawa kwa mdomo, tumwangalie anavyokua. Na msimkate. Koo likivuja damu, unamzika."

Nilitoka nimeudhika. Mtu kasoma miaka yote ile, halafu kuapa hawezi. Lakini neno la damu lilinikaa, kwa sababu ladha yake naijua. Nyumbani nikasema: pompi, na kisu hakuna. Mama hakujibu. Mama yangu asipojibu, ujue ameshaamua.

Siku moja mke wangu yuko sokoni, mi nikarudi nyumbani mchana kufuata ufunguo. Nilimsikia mwanangu kabla ya kumwona. Kaka yangu, kichwa chote mvi, amembana katikati ya magoti yaleyale. Mpini wa mwiko mdomoni. Mzee mmoja mkataji, waliyemwita kutoka Gatumba, amemwinamia, kisu kimeshapitishwa motoni. Mama ameshika beseni.

Nilimkamata mkataji kola nikamtupa kwenye masufuria. Kisu kiliruka kikatua ndani ya maharage. Kaka akasimama, mtoto akachoropoka. Kaka ni mzee, lakini mikono yake ni ya mtu aliyebeba magunia bandarini maisha yake yote. Alinipiga kichwa cha pua. Nikamchapa tumboni, akaning'ang'ania shati, tukaanguka juu ya mbabula ya kupikia, makaa yakatawanyika. Mkono wangu una kovu mpaka leo. Nilimpanda kifuani nikampiga mdomoni mpaka jino likatoka.

"Piga," alisema, anatema damu. "Mukono huo ni mi nilikupa. Nisingekushika ile siku, ungekuwa kaburini."

"We mutoto hauna shukrani," mama akasema. "Tulikukata, ukapona. Sasa yeye unamunyima?"

Nikafungua mdomo nimjibu, hewa ikakataa kuingia. Labda ni moshi, labda vumbi, sijui. Kifua kilibana kama mtu anakaza boliti, na filimbi ikaanza. Ile ile. Niliangukia pembeni ya kaka, nikaushika ukuta. Uani kila mtu anasikia. Mkataji, bado kakaa katikati ya masufuria, alitega sikio kama fundi.

"Mama," alisema, "si huyu uliniambia alipona?"

Mama hakujibu. Lakini safari hii alikuwa hajui la kusema.

Binti yangu alikuja mbio na pompi yake ya bluu. Mdomo wake ulikuwa umechubuka kwa ule mpini.

"Tikisa kwanza, baba. Toa pumzi. Sasa vuta polepole. Shikilia."

Aliyenishika kichwa kisianguke ni kaka, mdomo wake unavuja damu kwenye bega langu. Mama alimwaga maji ya beseni kwenye mtaro, akalifudikiza chini. Mkataji akaopoa kisu chake kwenye maharage akaondoka, hata chai hakungoja.

Tangu siku ile hakuna aliyemgusa mtoto. Anakua, filimbi bado inakuja na kuondoka, na daktari bado hajaapa. Mi kwa kupigana nimeshinda wengi, muulizeni yeyote Buyenzi. Lakini kushinda kwa kukosa pumzi, mbele ya mama yangu mzazi, hilo nionyesheni mwingine aliyeliweza.