Fundi Asubuhi

Basi lilinishusha mbele ya duka la fundi cherehani, suruali yangu ikiwa imepasuka makalioni tangu mpakani. Ilikuwa saa tisa alasiri. Ndani, mzee ambaye kope la kushoto lilimfunika nusu ya jicho alikuwa akihangaika kutunga uzi kwenye sindano. Alikosa mara tano. Mkewe akaipokea, akaitunga, akamrudishia.

"Vua," mzee akaniambia. Nikajifunga shuka, nikasubiri.

Jamaa zake humwita Fundi Asubuhi. Hadi saa tano mkono wake ni chuma. Kufikia alasiri mkasi unamshinda, shingo inalegea, taya zinachoka kabla sahani haijaisha. Akilala kidogo, nguvu zinarudi.

Ukoo wenye madaktari wengi namna hii sijauona. Dada yake kasema ni upungufu wa damu. Mkwewe aliyemwoa bintiye, muuza majokofu, kasema ni uvivu uliozeeka, na keshapata mpangaji wa duka kuanzia mwisho wa mwezi. Siku hiyo alikuwa akipima kuta kwa futi ya mzee mwenyewe.

"Pumzika, mzee. Nani atakuletea koti ulishone nusu?"

"Hilo lako la harusi alishona nani?"

"Hilo ulishona asubuhi."

Hospitali wameenda mara tatu. Kila mara mkwe humwamsha alfajiri wawahi foleni. Daktari humwambia, "Nibane mkono," na mzee humbana mpaka daktari akunje uso. Faili limeandikwa: mzima.

"Amewahi kuonwa saa hizi?" nikauliza.

"Mchana wanakwenda wavivu," mkwe akajibu. "Mgonjwa wa kweli huwahi."

Nikawasimulia juu ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mbali na hapo, aliyekuwa na kope kama hilo. Walimwambia neva zake zinatuma habari ila misuli haipokei. Alipewa vidonge, akarudi kubeba sinia. Huenda huyu ana hilo, huenda ni kiharusi kidogo, au neva zimebanwa shingoni. Mimi si daktari, na pale hawakupungukiwa.

Mke alikuwa akinitazama. Akamgeukia mumewe. "Shona."

"Nimechoka, mama."

"Ndiyo maana. Shona."

Akakanyaga cherehani juu ya suruali yangu mpaka kope la pili likashuka na kidevu kikagusa kifua. Mke akatoka kuita teksi, akarudi, akamwinua kwa kwapa.

"Sasa umeiva. Twende wakuone ulivyo."

"Saa hizi?" mkwe akasema. "Kesho alfajiri nita..."

"Alfajiri nenda wewe. Huenda wakakukuta na ugonjwa."

Mlangoni mzee alisimama, kichwa chake kikishikiliwa na kiganja cha mkewe. Maneno yakatoka yakijikokota: "Mshono... umebaki... nusu. Usiondoke."

Wakaenda.

Mkwe akakunja futi, akatikisa funguo. "Nataka kufunga duka. Unatoka saa ngapi?"

Nikakaza shuka kiunoni, nikakaa kwenye kiti cha fundi. "Akirudi."