Miaka Minne ya Kufungua Mdomo

Katika parokia ile hapakuwa na kijana aliyesifiwa kwa uimbaji kama Modesti Sulle, na sifa zote alizistahili, isipokuwa kwa jambo moja dogo: hakuimba.

Mwanzoni aliimba. Aliingia kwaya ya vijana mwaka wa sitini na sita akiwa na miaka kumi na minne, mtoto wa wakulima walioteremka kutoka Mbulu wakapata shamba la mahindi na mbaazi pale Nakwa. Miezi michache baadaye sauti ikavunjika, jambo la kawaida kwa wavulana, ila ya kwake haikuungana tena. Wenzake walipopanda, yeye alikuwa anashuka; walipomfuata chini, alikuwa ameshafika juu. Mwalimu Paskasi, aliyeongoza kwaya kwa kijiti cha mkononi na uvumilivu mdogo sana, alimsimamisha peke yake, akamsikiliza mstari mmoja, akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Modesti, mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi tutaumwa sisi."

Kumfukuza kungekuwa rahisi. Lakini parokia ilikuwa imeshanunua kitambaa, fundi ameshashona mavazi ishirini na manne, na Padre alipenda safu nne za watu sita sita zilizonyooka. Modesti alikuwa mrefu, shingo imesimama, meno meupe. Ukimwondoa, safu ya nyuma inabaki na pengo. Mwalimu akatafakari kwa muda ambao wengine huutumia kufunga kiatu, kisha akatoa hukumu.

"Utabaki. Fungua mdomo wenzako wanapofungua, funga wanapofunga. Sauti iache nyumbani."

Ndivyo kijana alivyopata elimu iliyomfaa kuliko yote aliyofundishwa shuleni. Alijifunza kwa bidii. Kufikia Pasaka iliyofuata alikuwa anajua kuinua nyusi kwenye Aleluya, kutanua kifua kabla ya mstari mrefu, na kutokeza mishipa ya shingo mahali penye uchungu. Akina mama wa benchi za mbele walifuta machozi. "Yule mtoto wa Sulle anaimba kwa moyo," walisema, na hawakukosea, maana kwa koo hakuimba.

Ukimwacha Mwalimu, mtu mmoja tu alijua. Skolastika, msichana wa sauti ya pili, alisimama kushoto kwake bega kwa bega. Wiki ya kwanza alidhani sikio lake la kulia lina nta. Wiki ya pili akamgeukia katikati ya mazoezi.

"Wewe, mbona hutoi kitu?"

"Nyamaza, tunaimba."

"Nani anaimba?"

Hata hivyo alimtunzia siri miaka yote minne, labda kwa huruma, labda kwa sababu akianza kulizungumzia alicheka, na akicheka alikosa noti.

Modesti alipotoka kwenye kwaya mwaka wa sabini, aligundua kwamba nchi nzima ina safu za nyuma. Kwenye mikutano ya hadhara watu walipoitikia "Zidumu!" yeye alifungua mdomo kuliko wote. Panapokuwa na ubishi, midomo yake ilicheza kwa namna ambayo waliokubali walimwona akikubali na waliopinga walimwona akipinga. Miaka kumi na mitatu hakumuudhi mtu. Mwanamume asiyeudhi mtu, na tena mwanakwaya wa zamani, atakosaje cheo? Walimchagua katibu wa kamati ya duka la ushirika la mtaa. Mkewe Dorothea alikuwa amempendea sauti. Binti yao Genoveva alipozaliwa, Dorothea alimwomba ambembeleze mtoto kwa wimbo mmoja tu. Modesti akamweleza kwa upole kwamba nyimbo za kwaya zinahitaji sauti nne.

Ukafika mwaka wa themanini na tatu. Sukari ilikuwa habari tu, sabuni ilikuwa kumbukumbu, na foleni mbele ya duka ilipangwa na mawe na makopo, kwa kuwa wenye mawe walikuwa shambani. Kisha ukaja msako wa wahujumu uchumi. Waliokuwa na akiba wakaitupa wapi, kama si ziwani? Viboko wa Ziwa Babati huenda hawajawahi kuwa wasafi kama mwaka ule.

Muuzaji wa duka alikuwa Skolastika yuleyule, sasa mjane, Mama Jovita, mwenye watoto watatu na nafasi yake ileile kwenye kwaya ya wakubwa. Ufunguo mmoja wa stoo alikuwa nao yeye. Wa pili alikuwa nao mwenyekiti wa kamati, Ndugu Wolfgang, mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi hata siku ambazo mkaa haukupatikana.

Jumapili moja, saa mbili na nusu asubuhi, wakati mtaa mzima uko misani, Ndugu Wolfgang alimpitia Modesti nyumbani.

"Katibu, njoo unishikie upande wa pili."

Modesti akashika. Magunia matatu ya sukari yakatoka stoo, yakapanda tela la trekta, yakaondoka kuelekea Bonga, ambako mdogo wake mwenyekiti alitengeneza kinywaji kisichotengenezeka bila sukari. Ndugu Wolfgang akachota kilo tano kwenye mfuko. "Za komunyo ya binti." Modesti alifungua mdomo ili akatae. Kwa bahati mbaya, hapakutoka kitu.

Jumatano mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa mbele ya duka. Alikuja afisa kutoka wilayani na mgambo wawili katika Landrova, na kila mtu alijua Landrova ile haikuja kurudi tupu. Waliochukuliwa nayo walipelekwa Arusha, na hadi siku ile hakuna aliyekuwa amerudi kueleza chakula cha huko.

"Kufuli halikuvunjwa," alisema afisa. "Mama, magunia matatu yako wapi?"

"Ufunguo wa pili anao mwenyekiti, ndugu afisa. Mimi Jumapili nilikuwa misani. Kanisa zima limeniona."

"Mama Jovita," alisema Ndugu Wolfgang kwa huzuni iliyopigwa pasi, "misa huchukua saa mbili. Siku ina saa ngapi?"

"Muulizeni katibu. Jumapili kanisani hakuonekana."

Vichwa vikageuka. Modesti akasimama, mrefu, shingo wima.

"Ndugu katibu," afisa akamwuliza, "ulimwona mwenyekiti akitoa magunia, au hukumwona?"

Modesti alimtazama Ndugu Wolfgang, akavitazama viatu vyake, akafanya kile alichofundishwa. Akatanua kifua. Nyusi zikapanda. Midomo ikacheza vizuri, kwa adabu, kwa muda wa sentensi moja na nusu, kisha ikafungwa.

"Amesemaje?" aliuliza mtu katikati ya mkutano.

"Amesema hakumwona," akajibu mzee Melkiadi, ambaye tangu mwaka wa sabini na tano hakusikia vizuri hata radi.

"Hakumwona," likaenda neno nyuma, na lilipofika kwenye ua wa minyaa, katibu alikuwa ameshamwona Mama Jovita na magunia kichwani, yote matatu.

"Asante, katibu," alisema Ndugu Wolfgang. "Mkutano umesikia."

Modesti akakaa. Alijichunguza dhamiri palepale, kama Mkristo mwema, akaikuta safi. Amri ya nane inakataza kushuhudia uongo, naye hakushuhudia chochote. Kama watu wamejisikilizia mambo yao, hilo ni la watu. Aliliona hata tone la jasho kwenye mkono wake likikauka. Mgambo mmoja alikuwa ameshamshika Mama Jovita mkono, na mtoto wake mdogo ameshashika gauni upande wa pili.

Mama Jovita akacheka. Halikuwa jambo lililotarajiwa, na afisa akamgeukia kwa hasira.

"Unacheka nini?"

"Ndugu afisa, huyu mtu hajasema kitu! Nimesimama kando yake kwenye kwaya ya vijana miaka minne, bega kwa bega. Ndivyo alivyokuwa akiimba. Anafungua, anafunga. Hakuwahi kutoa hata Aleluya moja!"

Uwanja ukalipuka. Akina mama wa benchi za mbele, ambao sasa walikuwa bibi, walitazamana kama watu walioibiwa machozi. Dorothea akavuta kanga, akajifunika uso wote.

Modesti aliinuka kama aliyechomwa.

"Uongo! Niliimba!"

Sauti ile, iliyofungiwa tangu mwaka wa sitini na sita, ilitoka na kutu yake yote. Ilianza juu, ikashuka, ikapanda tena bila sababu. Kuku waliokuwa wakiparua chini ya Landrova wakatawanyika. Lilikuwa neno lake la kwanza alilolitamka hadharani likasikika hadi uani. Hakuna haja ya kusema kwamba lilikuwa la uongo.

"Kumbe ipo," alisema Mama Jovita taratibu. "Haya, Baba Genoveva. Sasa tuimbie ya magunia."

"Jibu," afisa akasema. "Sauti tumeisikia. Hata watu wa kule Mutuka wameisikia."

Modesti alitafuta pa kujificha, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na safu mbele yake. Akifungua mdomo kimya sasa, hata Melkiadi atajua. Alimtazama Mama Jovita. Hakuwa anamsihi. Alikuwa amemkazia macho vilevile alivyomkazia zamani, siku za mazoezi, alipokuwa akingoja kuona kama leo kitatoka kitu.

"Yalikwenda Bonga," alisema. Sauti ikapasuka, akaiokota. "Kwa trekta. Jumapili, wakati wa misa. Mwenyekiti alifungua kwa ufunguo wake, nami nilishika upande wa pili. Nilipewa kilo tano. Nilizichukua."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgambo aliuachia mkono wa Mama Jovita, akabaki hajui ashike mkono gani. Aliitazama kaunda suti ya mwenyekiti, akaona imenyooka mno, akamshika Modesti. Afisa hakumkosoa. Ndugu Wolfgang alikaribishwa kwenye kiti cha mbele cha Landrova kwa mazungumzo, na mwezi uliofuata akahamishiwa kamati nyingine, yenye stoo kubwa zaidi, ili uzoefu wake usipotee. Modesti alipanda nyuma. Kwa kilo tano alilala siku tatu katika mahabusu ya mjini, na ukatibu akavuliwa kwa utovu wa nidhamu.

Mama Jovita alirudi kwake siku ileile, kwa miguu, mtoto mgongoni.

Siku ya pili alikuja mahabusu na bakuli la ugali na mboga za majani, akalipitisha chini ya mlango. Dorothea hakuja; alituma neno kwamba bado anaifikiria ile sauti.

"Mama Jovita, mimi..."

"Kula kwanza."

Modesti alimega tonge. Koo lilimuuma, kama linavyowauma waimbaji asubuhi ya Pasaka, maumivu ambayo hakuwahi kuyajua. Akala kidogo, akasita, akamtazama.

"Unangoja nikushukuru," alisema Mama Jovita.

"Hapana."

"Unangoja, nakuona. Siku tatu ulijua. Ulipita dukani Jumatatu, ukanisalimia, ukaniuliza hali ya watoto. Leo ningekuwa Arusha, na watoto wangu wamegawanywa kwa mashangazi." Alijifunga kanga upya, akakaza fundo. "Ulisema ulichokiona. Hiyo si zawadi."

"Ni kweli," alisema Modesti. Alilisema kwa sauti, askari akachungulia.

"Basi maliza kula. Bakuli nalihitaji, watoto wanalitumia."

Akala haraka.