Viondo vya Ukutani

Harufu ya gundi nyeupe hunitia kichefuchefu hadi leo. Gundi yenyewe hainuki vibaya. Inanikumbusha tu ukumbi mmoja mjini Nyeri ambako kwa siku tano nilifundisha walimu wa shule za msingi jinsi ya kutumia sanaa katika somo la hisabati. Nilikuwa nimefundisha hesabu huko Tetu miaka mingi kabla ya kuitwa mkufunzi, na nilidhani kazi hii mpya itakuwa mapumziko. Kumbe.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na bado naliamini. Mtoto akisuka, akikata, akichora ua lenye petali sita, anaishika hesabu kwa vidole kabla haijaingia kichwani. Lakini walimu wangu hawakuwa na haja na vidole vya mtoto. Walitaka ukuta. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza kujitambulisha, mmoja aliuliza kama picha za ushahidi zingepigwa leo au mwisho wa wiki. Siku hizi kila kitu kina picha ya ushahidi. Mtoto amepanda sukuma wiki, picha. Mtoto amefagia uwanja, picha. Mwalimu anapiga kwa simu yake, anatuma, na kilichotumwa ndicho kinachohesabiwa kuwa kimefundishwa. Nilichukizwa nikawaambia hivyo, nao wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaendelea kunyunyiza vumbi la kung'aa kwenye karatasi za manila.

Siku ya tano wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa waje kufunga mafunzo. Kikundi kimoja kilikuwa kimechapa maumbo kwa viazi vilivyokatwa, na rangi ilikuwa imevuja kila mahali. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa. Niliibandua karatasi yao kabla wageni hawajafika, nikaisukumia nyuma ya kabati, nikawatania: "Kazi chafu haipandi ukutani." Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao.

Baada ya hapo nikawa nazunguka shule kwa shule kuona kama mafunzo yameshika. Shule mojawapo iko nje kidogo ya Naro Moru, kwenye baridi inayowafanya watoto waende darasani na sweta mbili. Mwalimu wa gredi ya tano alikuwa mmoja wa walioketi mbele kabisa pale ukumbini, hodari wa kuandika daftarini, hakuna neno lililompita. Alikuwa amewapa watoto wake mradi: kila mmoja atengeneze kiondo chenye mpangilio wa rangi unaoonyesha sehemu, yaani nusu, theluthi au robo. Alama za mradi huo zingeingia kwenye ripoti ya mwaka, na fomu yake ilihitaji sahihi yangu.

Karibu na mlango nikamkuta msichana amekaa peke yake, mkonge umemjaa mapajani. Alikuwa ameanza kitako cha kiondo kama cucu, nyanya yake, alivyomwelekeza, nyuzi zikitoka katikati kwenda kila upande. Kilikuwa kibaya kutazama. Kimepinda, kina alama za vidole, na manyoya ya mkonge yametokeza kote. Isitoshe, alikuwa anakifumua.

"Mbona unakifumua?" nikamuuliza.

"Inakataa kukutana, mwalimu. Naweka nyeupe tatu, nyekundu moja, nyeupe tatu, nyekundu moja. Nikifika pale nilianzia, mbili zinabaki."

"Nyuzi zako ni ngapi?"

"Zilikuwa thelathini. Cucu alisema nitoe mbili. Mimi nikaona hata nikiongeza mbili itakubali. Sasa ziko thelathini na mbili, na nyekundu zitakuwa nane." Akafikiri kidogo, kidole kikiwa bado kwenye uzi. "Hiyo ni robo. Lakini nikitaka theluthi, lazima nirudi thelathini."

Katika siku zangu tano ukumbini hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniambia kitu kama hicho. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Kwenye ripoti, msichana huyo alikuwa ameandikwa "chini ya matarajio" katika hisabati kila muhula tangu gredi ya kwanza. Nikamwita mwalimu wake, nikamwambia mbele ya darasa kwamba nikirudi nataka kukiona kiondo hiki kimekamilika, na kwamba kikikamilika, hakuna ripoti itakayomwita mtoto huyu chini ya kitu chochote tena. Mwalimu akaandika kwenye daftari. Msichana akaficha uso ndani ya sweta.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Nikapokewa kwa chai ya maziwa, moto, ya kutoka jikoni mwa shule, nikaongozwa darasani kikombe kikiwa mkononi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefunikwa kwa viondo kutoka juu hadi chini. Vyote vilikatwa kwa karatasi ya sponji, vyote saizi moja, vyote vina robo nyekundu mahali pamoja, vyote vinang'aa. Chini ya kila kimoja palikuwa na jina la mtoto, na majina yote yalikuwa ya mwandiko mmoja.

"Vimetoka wapi?" nikauliza.

"Kuna saiba hapo Chaka, duka la kompyuta, wanazikata na mashini," mwalimu akasema, amefurahi. "Wazazi walikaa wakakubaliana, ati kila mtu anunue ya mtoto wake, ndio zifanane. Na picha zimetoka poa sana, Madam."

Nilishikwa na kinyaa, kinyaa cha kweli, cha kutaka kutema. Watu wazima wamekaa kikao, wakafungua kwa maombi bila shaka, wakakubaliana kuwanyang'anya watoto wao kazi, kisha wakawapongeza. Na hawa ni wakulima. Mwuzie mmoja wao mbegu ya viazi iliyopakwa rangi uone kama utatoka sokoni salama.

"Na kile cha mkonge?"

"Hiyo nilimwambia haiwezi. Ilikuwa na nywele nywele, na imepinda. Ukiiweka kwa picha inaharibu zile zingine."

"Kiko wapi?"

"Tulipatia mpishi, Madam. Mkonge ikikauka inawasha moto haraka."

Nikatazama kikombe changu. Nilikuwa nimeshakunywa nusu.

Nilifoka. Sitaandika yote niliyosema, mengine hayafai kusemwa na mtu wa kanisa. Mwalimu alisikiliza kichwa kimeinama mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha, bila ubishi, kwa adabu ya mtu anayemsaidia mkubwa wake kukumbuka, akafungua daftari lake la mafunzo. Ukurasa wa siku ya tano. Ndani ya mraba uliopigwa kwa rula na wino mwekundu yalikuwa maneno manne: Kazi chafu haipandi ukutani.

"Hii ndio nilishika zaidi," akasema. "Hata nimefundisha wenzangu."

Nyani haoni kundule. Kinyaa kile kikanigeukia mwenyewe, kikakaa.

Fomu ilikuwa mezani ikinisubiri. Darasa zima limezidi matarajio, pamoja na msichana wangu. Nikikataa kutia sahihi, naye hana alama, na kazi yake ya kweli ilikuwa majivu. Angerudi palepale alipokaa tangu gredi ya kwanza. Nikaomba aitwe. Akaja na kiondo chake cha sponji amekibandua ukutani, amekishika kwa ncha za vidole asikichafue.

"Mama alininunulia," akasema.

"Ni kizuri. Hebu niambie, kina nyuzi ngapi?"

Alinitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Hii haihesabiwi, mwalimu. Ni ya ukuta."

Nikamshukuru, nikamruhusu arudi kwenye dawati lake. Kisha nikavuta fomu, nikatia sahihi mahali pa mkufunzi, kwa mwandiko safi.