Nililinyamazisha Gari la Baba Mkwe

Nimekosa, jamani, wala sitafuti wa kunitetea. Mke wangu aliniambia nikatubu msikitini, nikatubu. Lakini kosa lenyewe nililifanya uani, majirani wakiona, basi na aibu yake naitoa hadharani. Jina langu niachieni. Hapa Bagamoyo wanaonijua watanijua tu, maana wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi umeme. Ujana wangu niliumalizia bandarini Dar es Salaam, nikitengeneza vile vigari vya betri vinavyobeba mizigo maghalani. Nilipooa nikahamia hapa, nyumbani kwa wakwe zangu. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mbata, na alikuwa na gari dogo la Kiingereza, kuukuu, lililompeleka Mlingotini na kumrudisha. Likikohoa hilo! Likishapinda kona ya sokoni, nyumba nzima inajua mzee karudi, na mama mkwe anateleka kahawa.

Mzee akafariki, Mungu amrehemu. Gari likabaki uani. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, mama mkwe huniambia, "Baba, hebu liwashe kidogo, lisife." Naliwasha, linakohoa wee, naye kakaa kwenye mbuzi yake anakuna nazi, kimya. Nikizima, ananimiminia kahawa.

Mimi nikajua mama anaijali mashine. Fundi mzima!

Ikaja miaka ya petroli kuadimika. Magari yakawa yanashinda foleni, na Jumapili alasiri ukikutwa barabarani unaendesha, una kesi. Barazani wenzangu wakaanza kunichokoza: "Fundi, gari la mkweo umelifanya banda la kuku?" Nikachomwa. Nikaropoka mbele za watu, "Nitaliendesha bila tone la petroli, na nyinyi mtanipisha njia!"

Mdomo wangu huo ndio ulioniponza.

Mama mkwe akaenda Pangani kumwuguza dada yake, nami nikaona hii ndiyo nafasi. Mke wangu Mwanaidi akaniuliza, "Mama umemwambia?" Nikamjibu, "Mwache, namwandalia jambo la kumshtua." Kushtuka alishtuka.

Nikang'oa injini. Mota niliipata kwenye kigari kibovu kilichotupwa kule bandarini. Betri za lori nilipewa na bwana mmoja wa Msata mwenye mashine ya kusaga nafaka, nami nikampa ile injini. Tukapeana mikono, kila mmoja akimwona mwenzake mjinga. Betri nyingine nikazipanga kwenye buti, nyingine nyuma ya viti, mota nikaifunga kwenye gia boksi, nikawa nachaji kwa umeme wa nyumbani. Nikichaji, taa ya jirani inafifia. Naye akawa anapaza sauti dirishani, "Fundi, leo tena unaninyonya?"

Na likatembea! Wallahi, lilitembea! Tena kimya kabisa, mpaka ikabidi nilifunge kengele ya baiskeli, maana nilikuwa nawatokea watu mgongoni, wanarukia mtaroni wakidhani jini. Watoto wakalipa jina, Bubu. Nikapita barazani polepole, kiwiko nimekitoa dirishani, kichwa kimenivimba. Walinipisha njia kweli.

Mama akarudi kutoka Pangani, nikalifunika gari turubai asilione. Ijumaa baada ya sala nikalifunua, nikaketi kwenye usukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, liwashe."

Nikazungusha ufunguo.

"Liwashe basi."

"Limeshawaka, mama."

"Limewaka wapi?"

"Hili hapa, tazama!" Nikalisogeza mbele, nikalirudisha nyuma, nikapiga na kengele.

Mama akatega sikio. Akazidi kutega. Buli la kahawa lilikuwa karibu yake, hakuliteleka.

Sasa mama mkwe wangu ni mtu wa heshima za kizamani, mkwewe hamgombezi uso kwa uso. Akiwa na neno zito nami, humwambia paka, nami nikiwapo. Akamgeukia paka, akasema, "Mwambie mkwe wangu ahsante, kazi nzuri. Ila mume wangu nilikuwa namsikia kila Ijumaa. Sasa hata akirudi, sitajua kama kafika."

Akaingia ndani. Ee Mola wangu! Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mota yangu.

Mwanaidi akanitazama. "Ile kahawa uliyokuwa ukinyweshwa kila Ijumaa, ulidhani ilikuwa yako?"

Nililia, sifichi. Kesho yake nikapanda lori kwenda Msata kuidai injini. Nikaikuta imevishwa mkanda, inazungusha mashine ya kusaga, inakohoa vile vile. Tena yule bwana kaichokonoa mpaka inakunywa mafuta ya taa! Hilo mimi fundi mwenye kichwa kikubwa halikunijia hata ndotoni. Nje akina mama wamejipanga na madebe ya mahindi. Bwana akacheka, "Waambie wewe mwenyewe kwamba unaichukua." Nikawatazama wale akina mama. Nikarudi mikono mitupu.

Nilipofika nikaona haya kumkabili mama. Nikamwambia paka, yeye akiwa pale pale: "Mwambie mama injini iko hai. Iko Msata inasaga mahindi." Mama akaendelea kukuna nazi yake.

Baada ya siku kadhaa, asubuhi, namkuta kajifunga buibui, debe la mahindi liko mlangoni. "Paka," akasema, "hebu muulize mkwe wangu, hilo Bubu lake linafika Msata?"

Halifiki! Likijikaza sana linafika Mlingotini, na kurudi ni kusukumwa.

Basi mimi, mwenye gari lisilokunywa petroli, nikapanda lori la watu na debe langu mapajani. Kule Msata mama akaketi karibu na ile mashine, unga ukimwingia mpaka kwenye nyusi, akafumba macho. Injini ikakohoa. "Bado hajapona kifua chake," akasema, akacheka, machozi yakamtiririka. Kisha akanigeukia mwenyewe, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa: "Baba, haya machozi usije ukamwambia paka."

Ndugu zangu, kama uani kwenu kuna kitu kikuukuu kinachopiga kelele, msikinyamazishe kabla ya kuuliza nani anakisikiliza. Nawasihi! Mimi nilipe tu. Msata sasa tunakwenda kila mwezi. Mtu wa pwani, nimelelewa kwa wali wa nazi, leo nyumba imejaa unga mpaka chini ya kitanda. Mchana ugali, usiku ugali. Nikinung'unika, Mwanaidi ananisogezea sahani.

"Kula," ananiambia. "Kasaga baba."