Maneno Mawili Karibu na Meko

Jirani yangu hapa Matisi anakandika ukuta wa jikoni kwake leo, na harufu ya udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe imeingia mpaka kwangu. Nimeacha chai ikapoa.

Kwetu Kabuchai, nikiwa mtoto, nilichapwa shuleni kwa kuchanganya maneno mawili ya Kiingereza, quiet na quite. Mama, ambaye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, aliniokotea kipande cha makaa.

"Andika hapo ukutani, karibu na meko. Si utakuwa unayaona kila ukikula?"

Basi kila jioni, akisonga ugali, aliyanyooshea mwiko. "Hili lenye msalaba mwisho ni la kunyamaza, ama?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hili lingine?"

"Kabisa."

"Kabisa," alirudia polepole, mvuke ukimpanda usoni. Nilidhani ananipima. Baadaye nilichoka na maswali yake, nikawa najibu huku nikitazama nje.

Krismasi ilipokaribia, alikandika kuta zote, kama kila mama pale kijijini. Mikono yake ilienda kwa mapana, ikafika kwenye yale maneno, ikayazunguka. Kikabaki kiraka kikuukuu katikati ya ukuta mpya. Niliona aibu, maana wageni walikuwa njiani.

"Mama, paka tu hapo. Hayo nimeshayajua."

Hakugeuka. "Wewe umeyajua," alisema, akisawazisha udongo pembeni kwa kidole. "Mimi bado."