Ndala za rangi mbili

Baada ya sala ya Adhuhuri nilimpeleka binti yangu kwa daktari, hapa Kilwa Masoko, kwenda kumshtaki. "Hatulii, daktari. Ukimtuma chumvi anarudi na habari za jirani. Na viatu, kila siku anapoteza!"

Daktari alikuwa anatazama miguu yangu. Nami nikatazama: ndala moja ya bluu, yangu, nyingine nyekundu, ya muumini ambaye bila shaka bado anaitafuta msikitini.

"Shuleni ulikuwaje, mzee?"

"Nilichapwa mpaka walimu wakachoka."

"Ukatulia?"

Binti akanijibia: "Bado, daktari."

Daktari akaeleza kwamba huo si utundu. Ni tatizo la umakini, mara nyingi hurithiwa, na tiba ipo kwa mtoto na kwa mtu mzima. Akatupa miadi sote wawili. Kazi ya kunikumbusha nimemkabidhi binti. Kati ya wagonjwa wawili, yeye ndiye mwenye nafuu.